Kijiti Alichong'oa Kavindu

Kila siku baada ya shule, Kavindu alipitia soko la Gikomba kabla ya kurudi nyumbani Mbotela. Akiwa bado na sare yake, alipenya katikati ya marobota ya mitumba na mikokoteni hadi kwenye kibanda cha baba yake, Fundi Kyule, seremala wa viti. Alifagia maranda, akapanga mbao, kisha akavuka njia kwenda kunywa uji kwa Mama Triza, jirani yao. Mama Triza hakuuza uji tu. Ukinunua kikombe, ulipewa na habari za mji mzima, bila malipo.

“Umesikia Opi Tetemeko sasa ni mwanamieleka?” Mama Triza alimwuliza Kavindu siku moja. “Yule yule wa vituko vya simu. Wamemvisha suruali ya kubana, anageuzwa hewani kama chapati.”

Kavindu aliinamia kikombe chake. Hakupenda kulisikia jina hilo.

Lakini nani hakumjua Opi? Jina lake la nyumbani lilikuwa Opicho, kijana wa Mbotela aliyepata umaarufu kwa kuwachezea watu shere huku akiwarekodi. Leo anajifanya amezimia kanisani, kesho anapiga kelele kwamba kanjo, askari wa jiji, wanakuja, mama mboga wanatimka na nyanya zinamwagika. Vijana walimpenda ajabu. Wazazi nao walimwombea, ingawa si wote waliomwombea mema. Hatimaye watu walichoka, matangazo yakakauka, akahamia mieleka ya maonyesho, ile ambayo wanamieleka hupanga mapema nani atamrusha nani. Humo ulingoni Opi alikuwa ndiye adui, na kuzomewa alishakuzoea.

Kituko kimoja cha Opi kilifanyika papo hapo kibandani. Ilikuwa muhula uliopita, Fundi Kyule alipokwenda kununua gundi.

“Niaje, Kavi,” Opi alisema, simu mkononi. “Nataka nikikalia kiti nianguke, watu wacheke. Mwishoni nasema ni mchezo, na nakutaja jina. Wewe unajua mguu unashikwa na nini.”

Kavindu alijua. Baba yake hakupiga misumari kwenye miguu ya viti. Kila mguu ulibanwa na kijiti kidogo cha mbao ngumu. Aliwaza juu ya watu wote ambao wangelisikia jina lake, akachukua koleo, akaking'oa kijiti kimoja.

Fundi aliporudi, Opi aliiegemeza simu ikirekodi, akaketi, akaanguka chali. Fundi Kyule alimkimbilia, akamwinua, akampangusa vumbi. Kisha akakigeuza kiti na kuliona tundu tupu.

“Nisamehe, kijana wangu,” alisema mbele ya simu. “Nadhani nilisahau kijiti.”

Opi hakusema kwamba ni mchezo. Video aliikatia hapo, na jina la Kavindu hakulitaja. Ilisambaa mitaa yote ya Eastlands, na kanisa lililokuwa limeagiza viti arobaini likaenda kwa fundi mwingine.

Hata hivyo, si wateja waliompa Kavindu maumivu makubwa. Kilichomuumiza ni kwamba baba yake aliamini. Sasa alikagua kila kijiti mara tatu, akakigeuza kiti, akakigeuza tena. Wakati mwingine alinyoosha vidole vyake na kuvitazama kana kwamba ni vya kuazima. Alikuwa ameanza kusema kwamba atakwenda viwandani, Industrial Area, kutafuta kibarua cha kubeba magunia, kazi isiyohitaji kukumbuka vitu. Kavindu alijiambia kila siku kwamba atasema kesho.

Siku hiyo, uji haujaisha kikombeni, Opi mwenyewe akaingia kibandani, bega lake likiwa limefungwa bendeji. Kavindu alirudi upande wa pili mbio.

“Habari ya kazi, Baba Kavindu,” Opi alisema. “Ulingo wetu wa kwanza ulipasuka nikiwa juu yake. Jumamosi ijayo mchana tuna onyesho kwenye ukumbi wa mtaa. Nataka wewe ututengenezee mwingine.”

Fundi Kyule alitikisa kichwa. “Kwenye kiti nilisahau kijiti, ukaanguka. Nikisahau kitu kwenye ulingo, utavunjika shingo. Tafuta fundi mwenye akili zake, kijana wangu.”

Opi alimtazama Kavindu. Kavindu alitazama chini. Ng'ambo, Mama Triza aliacha kukoroga uji, na Mama Triza akinyamaza ujue kuna jambo.

“Hukusahau, Baba,” Kavindu akasema.

“Unasema nini?”

“Hukusahau. Mimi ndiye niliyeking'oa, kwa koleo lako. Opi aliniomba, nikakubali. Halafu nikanyamaza.”

Fundi Kyule aliketi juu ya mbao. Alizoea kumwita binti yake “mama”, kwa kuwa Kavindu alibeba jina la bibi yake, mama mzazi wa Fundi. Sasa neno hilo lilimtoka polepole.

“Kwa hiyo nilikiweka, mama?”

“Ulikiweka.”

“Kikakaza vizuri?”

“Sana. Kilinisumbua kukitoa.”

Baba alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Kavindu hakujua kama analia au anacheka. Baba alipoondoa mikono, Kavindu aliona kwamba ni vyote viwili.

“Nyinyi wawili mmenikosea sana,” Fundi alisema baadaye. “Ulingo nitautengeneza. Lakini mlinivunjia jina mbele ya watu, na mtalirudisha mbele ya watu.”

Jioni hiyo Opi aliweka video ya kuomba msamaha. Kufikia asubuhi majibu yalikuwa yamejaa: “Kituko kingine hicho.” “Wacha uongo, Opi.” Baada ya miaka mitatu ya kuwachezea watu, siku moja ya ukweli haikumtosha.

Jumamosi alijaribu tena, kipaza sauti mkononi, juu ya ulingo mpya. Watu walidhani adui ameanza mchezo wake, wakamzomea kwa furaha.

“Jamani, leo nasema kweli,” alisihi. Wakazomea zaidi, na gunzi la hindi likampita sikioni.

Kavindu alikuwa ameketi safu ya mbele, kati ya baba yake na Mama Triza. Alisimama, akapanda ulingoni, akanyoosha mkono. Opi alimpa kipaza sauti. Kelele zikapungua, kwa maana hakuna aliyetarajia kumwona mtoto pale.

“Mimi ni Kavindu, binti wa Fundi Kyule,” alisema. “Kile kiti hakikuwa kibovu. Nilikiharibu mimi, ili nitajwe jina. Baba aliomba msamaha kwa kosa langu.”

Mama Triza akageukia watu.

“Mmesikia, ama niwasimulie upya?”

Kicheko kikaanza, kikafuatwa na makofi. Kisha mieleka ikaanza. Opi alirushwa mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Ulingo ulinguruma, lakini hakuna ubao uliosogea. Mlangoni, mzee mmoja wa lile kanisa la viti arobaini alimsubiri Fundi Kyule amwulize kama bado anapokea kazi ya viti.

“Napokea,” Fundi alijibu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua bado kali.

“Bado umenikasirikia, Baba?”

“Nilikasirika, na ilikuwa haki yangu. Kukosea, hata mimi hukosea. Mbao nyingi nimeziharibu. Lakini kosa lako ulipolificha halikupotea, mama. Nililibeba mimi, nikidhani ni langu. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaanza kulibeba.”

“Nitasema, Baba.”

Kavindu alimshika mkono. Ulikuwa mgumu, wenye gundi iliyokaukia kwenye kucha, na hakuuachilia hadi walipofika mlangoni.