Gauni la Kumkondesha Mama

Ndugu zangu, mkunga wa mtaa wetu mnamjua. Wengi wenu mlizaliwa mikononi mwake. Asubuhi ile alikuwa sebuleni akipiga pasi joho la bintiye, nyumba imetulia, mumewe anakunywa chai. Binti alikuwa anahitimu ukunga wiki iliyofuata, kazi ileile ya mama yake.

"Mama, nataka ukae mstari wa mbele," binti akasema. "Utavaa nini?"

Utulivu ukaishia hapo.

Wakaenda madukani. Duka la kwanza, muuzaji hata salamu hakuitikia: "Mama, saizi yako hatuna." La pili wakampeleka kwenye nguo za wajawazito, mwanamke ambaye kitinda mimba wake ndiye huyo anayehitimu! La tatu wakampa gauni waliloapa kwamba linavutika. Likamkwama mabegani, mikono juu, haliendi mbele wala nyuma, wauzaji wawili wakilivuta huku wateja wakichungulia kupitia pazia na kucheka. Hivi hawa wenye maduka wanadhani sisi wanene tunatembea uchi?

Jioni binti akasema, "Mama, twende kwa fundi akupime, akushonee."

"Hakuna kupimwa," baba mtu akadakia. "Ukishonewa saizi hiyo utakuwa umeukubali unene. Niachie mimi."

Kesho yake akaja na gauni la buluu, zuri kweli, lakini dogo kwa saizi mbili. Dada yake akalishangilia: "Wifi, dawa yako hiyo! Funga mdomo, litaingia tu."

Mkunga akafunga mdomo. Wiki nzima maji ya moto na ndimu, anazalisha wenzake huku miguu inamtetemeka. Nilimpelekea uji, akaurudisha. Hasira zilinipanda, na hadi leo hazijashuka.

Siku ikafika. Binti alishatangulia chuoni. Gauni likagoma nyongani, mume akavuta zipu kwa nguvu, mshono ukafumuka. Mkunga akakaa kitandani, akawageukia mumewe na wifi yake.

"Nendeni. Mwambieni nimeitwa wodini."

"Si uvae lolote tu!" mume akasema.

"Wiki nzima mmeniambia sifai kuonekana hivi nilivyo. Sasa nimewaelewa."

Ukumbini jina la binti likaitwa. Akapanda jukwaani, macho yakitafuta mstari wa mbele. Baba yupo, shangazi yupo, kiti cha katikati kitupu. Aliposhuka akapiga simu nyumbani, kisha akamkabili baba yake.

"Mama yuko wapi?"

"Ameitwa wodini."

"Nimempigia, baba. Analia. Mimi nilimwalika mama yangu. Wewe ulikuwa unamsubiri mwanamke gani?"



FUNZO

Wenye maduka, leteni nguo za watu mnaowaona mtaani. Nanyi waume na mawifi, mtu ashonewe kwa mwili alio nao leo. Kama unene umeleta maradhi, aonwe na daktari, asiadhibiwe kwa zipu. Mkunga sasa ana gauni linalomtosha, lakini mahafali yale hayatarudiwa.