Wageni wa Kumtia Moyo

"Mama! Kiatu changu kiko wapi?"

"Mke wangu, umeliona shati langu la kazi?"

"Mama Kiroboto, uji unafurika huo!"

Ndivyo asubuhi zilivyoanza katika nyumba ile. Walioita ni wengi, aliyeitwa ni mmoja. Mama Kiroboto alishika mwiko mkono huu na kitabu mkono ule. Alisoma mstari mmoja, akakoroga uji. Aliporudi kitabuni, mstari ulikuwa umeshampotea.

Kiroboto ni mtoto wake wa mwisho. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Mume wa Mama Kiroboto alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mama mkwe wake, Bibi, aliishi nao, na miguu ilimsumbua. Mama Kiroboto mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa uchungaji. Alikwenda chuoni asubuhi, akarudi alasiri.

Siku zile alikuwa roho juu. Baada ya wiki mbili alitakiwa kuhubiri kanisani kwao, mbele ya walimu wa chuo. Huo ulikuwa mtihani wake. Akifaulu, angeingia mwaka wa mwisho. Akishindwa, angerudia mwaka au kuacha kabisa. Naye alijua kwamba nyumba ile isingeweza kubeba mwaka mwingine kama huo.

Usidhani alikuwa hapendwi. Alipendwa sana, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Umoja wa akina mama kanisani ulikuwa umeamua kumsaidia. Kila jioni walikuja nyumbani kwake, kikundi kizima, Mama Mwenyekiti akiwa mbele. Waliingia wakiimba.

"Tumekuja kukutia moyo, mtumishi wetu!"

"Karibuni, karibuni," alisema, huku akifunga kitabu.

Angefanyaje? Meza ya kusomea ilikuwa ndiyo meza ya kulia, na ndiyo ya kupigia pasi. Basi kitabu kilipanda juu ya kabati, vikombe vikashuka. Alibandika chai. Akina mama waliimba, wakaomba, wakasimulia habari za mtaa. Chai ilipoisha, alibandika nyingine. Walipoondoka, vyombo vilikuwa vimejaa beseni, Kiroboto analia njaa, na mahubiri hayana hata sentensi ya kwanza.

"Watu wanakupenda, mke wangu," Fundi alisema, meno nje.

"Wananipenda," alijibu, akainamia vyombo.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa aibu. Karakana nzima ilimwita "Mama Mchungaji". Mke wa mchungaji huitwa hivyo, lakini mume wa mchungaji hakuna aliyejua aitweje. Fundi alicheka nao, ila maneno yalimchoma. Kwa hiyo nyumbani hakutaka kuonekana na sufuria. Siku moja alijitahidi kuosha vyombo, mlango ameutia komeo. Mtu akabisha hodi. Fundi alirusha kitambaa chini ya meza, akakaa na kujifanya anasikiliza redio. Redio haikuwa na betri, na mikono yake ilikuwa imejaa povu.

Siku zikapita. Mama Kiroboto akaanza kuunguza uji. Alimfokea Kiroboto bila sababu, kisha akalia kwa sababu amemfokea. Aliketi, akainuka. Alifungua kitabu, akakifunga. Wiki ikabaki moja tu.

Jioni moja jirani yake alikuja kuazima pasi. Jirani huyo alikuwa mchungaji wa hospitali, mwanamke wa makamo. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa wodini, kuwasikiliza na kuomba nao. Aliwakuta akina mama sebuleni wakiimba. Mama Kiroboto alikuwa jikoni, mbele ya birika, analia kimya.

"Kuna msiba?" Mchungaji aliuliza.

"Hapana. Kuna wageni."

"Na mahubiri je?"

"Sina kitu. Mchungaji, nimechoka. Kesho nakwenda kuwaambia chuoni kwamba naacha."

Mchungaji alizima jiko. Alimshika mkono, wakaingia sebuleni. Mama Mwenyekiti alikuwa ameshafumba macho.

"Tumwombee dada yetu apate nguvu..."

"Nguvu za nini, Mama Mwenyekiti?"

Mama Mwenyekiti alifumbua macho. "Za masomo, Mchungaji."

"Nguvu zake zinaishia kwenye birika. Mnamwombea nguvu za kuwapikia chai."

Mama Mwenyekiti alikunja uso. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sisi tumekuja kwa upendo."

"Najua. Ila mwenyeji wa nyumba hii haponi. Mwangalieni vizuri. Anataka kuacha chuo."

Fundi, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alisimama ghafla. "Kuacha? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, baba watoto?" mkewe alisema. "Ukirudi, kuna wageni. Wakiondoka, kuna vyombo."

Fundi alikaa.

Mchungaji alivuta kigoda. "Mimi nilisoma nikiwa na watoto wadogo," alisema. "Mara ya kwanza nilishindwa. Watu waliniombea sana, na niliwashukuru. Lakini sala haioshi vyombo. Nilirudia mwaka. Safari hiyo dada yangu alikaa na watoto kila alasiri. Mume wangu alipika. Jirani alinipa chumba chake cha nyuma nisomee. Nikafaulu. Akili ilikuwa ile ile."

Bibi alikohoa kwenye kona yake. "Lakini mwanangu, wachungaji wanaume si wapo? Huyu akisoma, sisi tunapata nini?"

"Bibi, wodini kuna mama aliyepoteza mimba. Kuna binti aliyeumizwa na mtu wa nyumbani kwao. Wengi wao hawawezi kumwambia mwanamume mambo hayo. Huniambia mimi. Kama nisingesoma, wangemwambia nani?"

Bibi alitazama miguu yake.

"Mimi nilipoteza wawili," alisema. "Sikumwambia mtu."

Hakuna aliyejua hilo, hata Fundi, mwanawe wa kumzaa. Mama Kiroboto alikwenda kukaa karibu naye.

"Basi tufanye nini?" Mama Mwenyekiti aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mbona mnaniuliza mimi? Mwenyewe si huyu hapa?"

Wote wakamgeukia Mama Kiroboto. Katika siku zote hizo za kutiwa moyo, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nahitaji mlango," alisema. "Chumba chenye mlango wa kufunga, kuanzia alasiri hadi jioni. Nahitaji mtu wa kukaa na Kiroboto. Na mtu wa kunisikiliza nikijaribu mahubiri, aniambie ukweli, asinipe amina za bure." Alivuta pumzi. "Na msiniite kwenye kila ugomvi na kila ugonjwa kwa sasa. Mkinifanya mchungaji kabla sijamaliza chuo, sitamaliza."

Mama Mwenyekiti alipekua mkoba wake, akatoa ufunguo. "Chumba cha kwaya. Ngoma tutazisogeza ukutani. Akina mama, mtoto tutamshika kwa zamu. Naanza mimi kesho."

"Na maombi?" mmoja aliuliza.

"Kila mtu aombe kwake. Mungu anasikia hata huko."

Kesho yake Fundi aliporudi kutoka kazini, aliwasha jiko. Mlango aliuacha wazi. Maharage yake ya kwanza yalikuwa magumu. Bibi aliyatafuna taratibu, akasema, "Kesho tuanze mapema, mwanangu. Nitakuelekeza." Siku ya pili mwenzake wa karakana alipita.

"Mama Mchungaji! Leo unapika?"

"Napika. Mke wangu anasoma. Ingia umenye vitunguu."

Mwenzake akakumbuka kwamba ana safari.

Kule kwenye chumba cha kwaya, Mama Kiroboto aliandika na kufuta. Mchungaji wa hospitali alikuja kumsikiliza. "Mwanzo mrefu mno," alimwambia. "Kata." Mama Kiroboto alinuna, kisha akakata. Mahubiri yakawa mazuri zaidi.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa. Walimu wawili waliketi mbele, kalamu mkononi. Mama Kiroboto alipanda mimbarini. Sentensi ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili ikasimama. Alizungumza juu ya watu wanaobeba huzuni bila mtu wa kuwasikiliza. Bibi aliinama mbele asikose neno. Mikono yake ikalegea, na Kiroboto akateleza kutoka mapajani mwake.

"Mamaaa!"

Mtoto alikimbia katikati ya kanisa kuelekea mimbarini. Watu hawakumtazama mtoto. Walimtazama mama. Mwalimu mmoja aliinua kalamu. Mama Kiroboto alinyamaza. Mguu wake ukashuka ngazi moja, kwa mazoea tu.

Fundi alikuwa katikati ya benchi, wenzake wa karakana kulia na kushoto. Aliinuka. "Samahani. Samahani." Alipita magotini mwa watu, akamnyanyua Kiroboto mbele ya kanisa zima. Kisha akamtazama mkewe.

"Endelea, mama. Ninaye."

Ule mguu ukarudi juu. Mama Kiroboto akaendelea.

Fundi alisikiliza sehemu iliyobaki akiwa nje, chini ya dirisha, Kiroboto amekaa mabegani anamvuta masikio. Alisikia sauti ya mkewe ikipanda bila kutetemeka. Alisikia ukimya wa watu wanaosikiliza kweli. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Ibada ilipoisha, yule mwalimu aliyeinua kalamu alimfuata.

"Wewe ndiye mume wake?"

"Ndimi."

"Amefaulu. Mwambie ajiandae kwa mwaka wa mwisho, ni mgumu kuliko huu." Akamtazama Kiroboto, aliyekuwa ameshaanza kupanda mti uliokuwa karibu. "Na wewe ujiandae."

"Tutajiandaa, mwalimu," Fundi alisema. "Siku hizi tuko wengi."