Kumwasha Meneja

Kila asubuhi, kabla hawajawasha mashine hata moja, wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia nguo walimwasha meneja.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Aliyetangulia kufika alifungua dirisha la ofisi, akawasha feni, akamimina chai nusu kikombe na kuiacha mezani. Koti la meneja lilikuwa tayari kwenye mgongo wa kiti. Halikuondoka hapo, mabega yalishika vumbi. Mtu akichungulia kwenye kioo cha mlango, angeapa kwamba mwenyewe ametoka kidogo tu.

"Meneja ameshawashwa?" aliuliza wa mwisho kuingia.

"Ameshawashwa, anapepewa," wenzake walimjibu, wakacheka.

Meneja walimpa jina la Bwana Niko-Njiani. Ukimpigia simu asubuhi, yuko njiani. Ukimpigia adhuhuri, bado yuko njiani. Hakuwa mtu mbaya. Hakumtukana mtu, na msiba ukikufika alikuwa wa kwanza kukupa ruhusa. Ndiyo maana walimfichia. Tena waliogopa kwamba huyu akiondoka wataletewa mkali, awanyime hata nafasi ya kupumua.

Hodari wa kumfichia alikuwa Bi Mvuke. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili: alifanya kazi penye mvuke, na hasira zake hazikukawia kuchemka. Tajiri, yaani mwenye kiwanda, akipita na kuuliza, Bi Mvuke alijibu bila kupepesa jicho: "Ametoka sasa hivi, bosi. Mmepishana hapo nje."

Bi Mvuke alisimamia mashine ya kunyooshea mashuka, waliyoiita Pasi Kubwa. Ilikuwa na bomba nene la chuma, la moto, linalozunguka. Upande mmoja mtu analisha shuka. Upande wa pili shuka linatoka limenyooka kama karatasi. Mbele ya bomba kulikuwa na ufito wa chuma. Mkono ukiugusa ufito, mashine inasimama palepale. Kazi ya ufito ule ilikuwa kulinda vidole.

Aliyelisha mashuka alikuwa mdogo wake, Kitinda, mtoto wa mwisho kwao. Mama yao alipofariki, Bi Mvuke alimlea kama wa kumzaa. Kitinda alikuwa na vidole vya ajabu. Siku za mapumziko wanawake wa mtaani walijipanga mlangoni kwao awasuke nywele. Bi Mvuke alipenda kukaa pembeni na kuvitazama vidole vile vikikimbia.

Siku moja ufito ukalegea. Ukawa unaisimamisha mashine bila sababu. Mashuka yakarundikana. Walimpigia meneja, naye alikuwa njiani. Wakangoja. Mwisho wakachana kipande cha shuka kuukuu, wakaufunga ufito usicheze. Mashine ikatembea. Wakasahau.

Mashine haikusahau. Asubuhi moja shuka lilikuwa na uzi uliofumuka. Uzi ukajizungusha kwenye kidole cha Kitinda, bomba likauvuta. Kitinda hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Mkono wake uliufuata uzi, ukasukuma ufito, na ufito haukucheza. Upande wa pili Bi Mvuke aliona shuka linatoka limekunjamana. Akarukia swichi ya ukutani. Pasi Kubwa ikakoroma, ikazimika.

Vidole vilikuwepo vyote. Lakini migongo ya vidole ilikuwa imeungua, nyekundu, inang'aa.

Wakati Kitinda ameweka mkono chini ya bomba la maji baridi, Tajiri akaingia. Alikuwa na haraka na hakutazama kule sinkini.

"Meneja yupo?"

Mdomo wa Bi Mvuke ukajijibia wenyewe, kwa mazoea. "Ametoka sasa hivi, bosi. Mmepishana hapo nje."

Tajiri akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Kitinda alimtazama dada yake, kisha akayageukia maji. Bi Mvuke angeona nafuu kama angetukanwa.

Jioni jirani yao alimfunga Kitinda bandeji. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, nao walimwita Sista. Alifanya kazi yake taratibu, huku anauliza.

"Nani alikuwa na ruhusa ya kuizima hiyo mashine, tangu ufito ulipoharibika?"

"Meneja."

"Na meneja alikuwa wapi?"

"Koti lake lilikuwepo," alisema Kitinda, akacheka kidogo kwa maumivu.

Sista hakucheka. Bi Mvuke akamsimulia yote: feni, chai, ule uongo wa kupishana. Sista alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jirani yangu," alisema, "hata mimi natoka wodini. Nina mikutano, nina watoto, kuna siku naumwa. Mkubwa kutoka si dhambi. Lakini sitoki kabla sijasema kwa sauti: leo wodi anayo fulani. Kila mgonjwa ajue yuko mikononi mwa nani. Kwenu mmeachiwa koti. Na Tajiri anaona feni inazunguka, kwa nini ahangaike?"

"Sasa nikamchongee mwenzangu?"

"Kuchongea ni kusema mgongoni. Wewe anza naye, usoni. Usimwambie 'wewe ni mtoro', atakasirika na mtabishana kuhusu tabia yake. Mwambie kilichotokea. Mwambie mnachotaka. Mpe muda. Asipotenda, nendeni kwa Tajiri mkiwa pamoja, na mwambieni kabla kwamba mnakwenda."

"Na mashine?"

"Mashine haina cha kungoja. Inazimwa. Kwa hilo usimuulize mtu."

Kesho yake Bi Mvuke alitangulia kufika. Dirisha la ofisi hakulifungua. Feni hakuiwasha. Wenzake walipoingia waliona ofisi giza, wakaanza kunung'unika. Fundi wa boila inayochemsha mvuke, mcheshi wao, alimwambia kwamba ameamua kuwatafutia simba awakalie kichwani. Bi Mvuke hakubishana naye. Alimwita Kitinda ainue mkono wenye bandeji. Minong'ono ikakatika. Fundi wa boila mwenyewe ndiye aliyekwenda kukata kile kitambaa cha ufito.

Kisha Bi Mvuke akapiga simu.

"Meneja, leo sikuulizi uko wapi. Pasi Kubwa nimeizima. Imemuunguza Kitinda."

 Meneja akasema neno ambalo hawakuwahi kulisikia kwake: "Nakuja."

Alikuja kweli. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la saruji, maana siku zote alikuwa anashinda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake. Waliingia ofisini wawili tu, yeye na Bi Mvuke. Meneja akaeleza kwa sauti ya chini kwamba zamani alikuwa akimwomba Tajiri vipuri, anaambiwa ngoja. Akiomba tena, anaambiwa ngoja. Mwisho moyo ukapoa. Akaona kukaa pale ni kulinda kiti.

Bi Mvuke alimhurumia. Lakini hakulegeza.

"Wewe ulichoka ukaondoka," alimwambia. "Sisi tulichoka tukabaki na mashine."

Kisha akataja wanachotaka. Ufito mpya. Kila asubuhi meneja asimame nao kabla kazi haijaanza, asikie matatizo. Akitoka, amtaje anayemwachia kiwanda. Na aliye kwenye mashine awe na haki ya kuizima bila kumngoja mtu. Meneja akakubali yote. Akaahidi kesho kuzungumza na Tajiri.

Kesho ikafika. Meneja hakufika.

Bi Mvuke alimpigia tena, akamwambia wazi kwamba leo wanakwenda kwa Tajiri, aje waende wote. Akajibiwa neno lile la siku zote. Lakini hawakuhitaji kwenda mbali. Tajiri alikuja mwenyewe, amefura, anataka kujua kwa nini mashuka ya wateja hayajatoka. Akasimama mbele ya kioo cha ofisi. Giza. Feni imelala.

"Meneja yupo?"

Watu wote wakamgeukia Bi Mvuke. Naye alisikia lile jibu la zamani likimpanda kooni, akalimeza.

"Hayupo, bosi. Hayupo muda mrefu. Tulikuwa tunakuwashia feni."

Akamwonyesha kitambaa kilichokatwa. Akamwita Kitinda aje na mkono wake. Tajiri alipoanza kumlaani meneja, Bi Mvuke akamkatiza. Fundi wa boila alifumba macho kwa hofu.

"Zamani alikuomba vipuri, bosi. Ukamwambia angoje. Akichoka yeye kukuomba, na wewe hukumuuliza, wanaobaki ni hawa wenye vidole."

 Tajiri alivishika vile vidole vya bandeji. Kisha akatoa simu yake na kuagiza ufito palepale, akiwa amesimama.

Meneja hakufukuzwa. Aliitwa, wakafungiana na Tajiri ofisini, wakatoka wote wawili wamenywea. Tangu hapo mambo yakabadilika. Kila asubuhi meneja husimama na watu wake mbele ya Pasi Kubwa. Husikia tatizo, husema atalifanyia nini, na Tajiri akiombwa kipuri hujibu ndiyo au hapana, si ngoja. Mara ya kwanza mtu alipoizima mashine bila kuuliza, wote walimtazama meneja. Naye akasema, "Vizuri." Mashuka yanatoka kwa wakati. Koti la meneja halina vumbi. Feni huiwasha mwenyewe.

Vidole vya Kitinda vilipona, akarudi kusuka. Na ikafika asubuhi meneja alipotakiwa kwenda kwenye mkutano. Alisimama mbele ya watu, akasema kwa sauti:

"Leo kiwanda anacho Kitinda."

Bi Mvuke alijifanya anatafuta kitu kwenye rundo la mashuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakutaka fundi wa boila apate la kusema.

Fundi alikuwa ameshamwona. Meneja pia. Akavaa koti lake, akamsogelea, nusu kwa utani na nusu kwa kidonda cha zamani.

"Lakini, Bi Mvuke, siku ile uliniumbua mbele ya Tajiri. Watu wote walisikia. Mpaka leo hujaniomba radhi."

 Kitinda alikuwa anaujaribu ufito kwa vidole vyake, kama afanyavyo kila asubuhi. Mashine ikasimama palepale. Akaiwasha tena.

Bi Mvuke akajifuta uso kwa kanga ya kiunoni, akamtazama meneja wake machoni.

"Sijakuomba," alisema. "Na sikuombi."