Pamba na Mkate wa Kuchovya

Kulikuwa na mzee mmoja, kazi yake kunoa visu. Mtaa mzima ulikata nyama kwa makali yake. Lakini mwenyewe kinywani hakuwa na hata jino moja.

"Babu, unanoa ya wenzako, yako yamekwenda wapi?" wateja walimtania.

"Yamestaafu. Mimi nimeachwa kazini," alijibu, na kucheka.

Alicheka mbele za watu tu. Moyoni aliona haya. Meno ya mwisho yaling'olewa miezi minne nyuma, na tangu siku ile alikula alfajiri, peke yake, mkewe akiwa bado amelala. Mdomo usio na meno una kelele zake, we acha tu. Alichovya mkate kwenye chai ya maziwa yenye sukari mpaka ukalegea, ndipo akala.

Peke yake lakini si peke yake kabisa. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na sungura mweupe, jina lake Pamba. Sungura huyo alilala chini ya cherehani, ndani ya kapu la vitambaa. Watoto wa wazee hawa wameshakuwa watu wazima na wako mbali. Basi bibi alishona huku akimsimulia Pamba habari zote. Nani kanenepa gauni halimwingii, nani hajaja kuchukua suruali yake. Pamba alisikiliza masikio yakiwa wima. Mume gani husikiliza hivyo?

Sasa huyo Pamba, alfajiri akisikia kijiko kikigonga kikombe, mbio mpaka miguuni kwa babu. Babu akamwonea huruma. Akampa kipande cha mkate uliolowa. Kesho yake viwili. Ikawa desturi yao.

Na nyasi kavu? Kila jioni bibi alijaza kikapu cha nyasi. Pamba akishashiba mkate hazigusi. Babu, kwa kuogopa kuulizwa, alizibeba akazishindilia kwenye gunia nyuma ya mashine yake ya kunolea. Bibi akiamka anakuta kikapu kitupu, anafurahi.

"Mwanangu huyu hasazi! Anakula kama mbuzi."

Babu anapuliza chai.

Siku moja alfajiri Pamba hakuja kwenye kijiko. Babu akamfuata na mkate. Pamba akanusa, akafungua mdomo, akarudi nyuma kama aliyeungua. Kidevu chake kilikuwa kimelowa chepechepe. Babu akadhani kashiba. Lakini mpaka usiku Pamba hakula kitu, na asubuhi iliyofuata alijikunyata kwenye kona, anasaga meno taratibu.

"Mzee!" bibi aliita. "Njoo umwone huyu. Anatoka udenda."

Babu akaja na koleo mkononi.

"La nini hilo?"

"Meno ya mbele yamerefuka kidogo. Nayakata ncha, yaishe."

"Thubutu! Huyo si msumeno."

"Basi tumpe zile kapsuli zangu nilizopewa nilipong'olewa meno. Zimebaki sita."

Bibi alimtazama kutoka utosini mpaka kwenye ndala. "Wewe mzee, una kilo themanini. Huyu ana mbili. Vaa shati, tunakwenda kwa daktari wa mifugo."

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kina meza ya bati, mizani na taa moja kali. Daktari alikuwa binti mwenye mikono ya shati iliyokunjwa mpaka viwikoni.

"Shikamooni wazazi wangu. Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu kapuni," bibi alisema. "Huyu mwingine alishindikana zamani."

Daktari akampima Pamba. Kilo moja na robo tatu. Akamshika kwa taulo, akaingiza kidude chembamba chenye taa mdomoni, akachungulia muda mrefu.

"Ana vidonda. Kimoja kikubwa kwenye ulimi, kushoto. Kingine ndani ya shavu. Anakula nini?"

"Nyasi kavu, kikapu kizima kila usiku," bibi alijibu kwa fahari. "Na majani mabichi kidogo."

Daktari akakunja uso. "Bibi, meno haya si ya sungura anayekula nyasi. Kama nyasi anakula kweli, basi ana ugonjwa mwingine, itabidi tuutafute. Tutamtoa damu, tutampiga picha, na muda hatuna. Lini alikula mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Sungura akikaa siku nzima bila kula, matumbo yanasimama. Anaweza kufa. Ndiyo maana nawauliza tena. Anakula nini?"

Bibi akaanza kufuta macho kwa kanga. Babu aliangalia sakafu. Akaangalia dari. Kumbe aibu ya meno ilikuwa ndogo, hii ndiyo aibu yenyewe. Lakini Pamba alikuwa pale mezani, anatetemeka.

"Anakula mkate," babu alisema.

"Mkate gani?" bibi aligeuka.

"Wangu. Wa kuchovya kwenye chai. Kila alfajiri."

"Na nyasi zangu?"

"Ziko kwenye gunia. Nyuma ya mashine."

Bibi alishika kiuno. "Gunia zima?"

"Magunia mawili."

Daktari aliuma midomo ili asicheke. "Ahsante, Babu. Umetuokolea muda. Wewe ni mnoa visu, utanielewa haraka. Kisu kinaisha kwa kutumika, sivyo?"

"Kinaisha."

"Jino la sungura linaota maisha yake yote, la mbele na la nyuma. Kwa wiki moja linarefuka kama milimita mbili. Nyasi ni ngumu, anazisaga huku na huku, ndizo zinazolipunguza. Mkate laini haupunguzi kitu. Basi meno ya nyuma yamerefuka yakatoa ncha kali. Kila akitafuna, anajichoma ulimi. Na sukari inamharibu tumbo."

"Kumbe nimemnoa mdomoni," babu alisema polepole.

"Umemnoa, Babu."

"Ni mkate tu unaoleta vidonda?" bibi aliuliza.

"Mara nyingi ni meno. Ila sungura akilamba sabuni kali au dawa ya kufulia, akitafuna waya au mbao zenye rangi, au akichomwa na mwiba, anaweza kupata pia. Msipake chumvi wala spiriti. Na meno msikate nyumbani, yanapasuka mpaka kwenye mzizi."

Bibi alimtupia mumewe jicho. Babu akauliza habari za zile kapsuli.

"Usithubutu! Dawa za watu za namna hiyo, akizimeza, zinaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake. Anaharisha, anakufa."

Daktari alimchoma Pamba dawa ya usingizi, akasaga zile ncha kwa kifaa kidogo. Babu alisimama mlangoni akisikiliza. Sauti aliijua, ni sauti ya kazi yake. Lakini safari hii aliomba kiti.

Walirudi na dawa ya maumivu, unga wa chakula cha sungura wa kuchanganya na maji, na bomba la sindano lisilo na sindano. "Mlisheni pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, mpaka ale mwenyewe," daktari aliagiza. "Nyasi ziwepo muda wote. Na mtazame choo chake. Akipata choo, tumbo limeamka."

Karibu na mlango wa nyumbani bibi aliuliza, "Kwa nini unakula alfajiri kama mwizi?"

"Natafuna vibaya. Sitaki unione."

"Miaka arobaini nakusikia ukikoroma. Nitashindwa na mkate?"

Siku nzima walilisha kwa zamu. Babu anashika, bibi anasukuma bomba. Chakula kiliingia mdomoni, kingine kikaingia kwenye mikono ya shati. Babu alitandika gazeti chini ya Pamba, akalikodolea macho kama anayesoma. Hakuna kitu. Usiku hakuna. Bibi alilala kwenye kiti, mkono ndani ya kapu.

Asubuhi watu wa mtaani walimsikia mnoa visu akipiga kelele mlangoni. "Amepata choo! Punje saba!"

"Nani, Babu?" jirani aliuliza.

"Pamba!"

"Hongera sana," jirani alisema, asijue anapongeza nini.

Siku ya tatu Pamba alivuta unyasi mmoja, akautafuna mwenyewe. Wiki ya pili daktari alichungulia tena, akaona vidonda vimefunga na uzito umeanza kurudi. Akawaambia wamlete kila baada ya miezi michache, kwa sababu meno yaliyowahi kurefuka huweza kurudia.

Siku hizi saa moja asubuhi meza ina vikombe viwili. Mkate unabaki mezani, nyasi zinakaa chini, na kila mmoja anakula chake. Wanatafuna wote watatu, kwa kelele, na bibi anasimulia ni nani gauni halimwingii.