Chewa Kumi na Wawili, Pango Moja

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mpiga mbizi wa kituo cha utafiti wa bahari alifungua kabati, akatoa karatasi yake ya kuhesabia samaki, akapiga kelele.

Saa tatu mpelelezi alikuwa amefika. Alikuwa mjane, na kabla ya kila kazi aliomba kimoyomoyo.

"Hii siyo yangu, afande," alisema mpiga mbizi. "Mimi niliandika kwamba mwamba wa karibu na bomba la maji taka hauna chewa hata mmoja. Wamebaki samaki wanaokula mwani tu. Samaki wakihama hivyo, ujue maji yameharibika. Hii inasema wamejaa tele!"

"Pengine hukuzama," alidakia mkuu wa kituo. "Ulijaza ukiwa mezani. Saa tano baraza linaamua kama bomba lifungwe. Usipojieleza, kazi huna."

"Bosi! Miaka sita navuta hewa ya chupa, leo mimi mwongo?"

Wenye ufunguo mwingine wa kabati walikuwa watatu: mkuu, nahodha wa boti na karani. Mpelelezi alianza na nahodha, kwa kuwa kaka yake aliajiriwa kwenye kiwanda chenye bomba.

"Kaka ndiye anayekula kule, si mimi," alisema nahodha. "Undugu si ufunguo."

Mpelelezi alimwonyesha karatasi. Nahodha alicheka.

"Chewa kumi na wawili, pango moja? Chewa ni kama mama mwenye nyumba mkali, hataki mwenziwe mlangoni. Hukusanyika wakati wa kuzaana tu, na msimu umepita. Hata bosi anajua, tulizama naye mwezi jana."

Mpelelezi alikwenda chumba cha nyuma alikoishi karani. Kiti kimoja, kikombe kimoja, redio.

"Mzee, umewahi kuzama?"

"Mimi? Hata beseni naliogopa, mwanangu."

"Ndiyo maana chewa wako wanaishi pamoja."

Karani alikaa kitandani.

"Nilidhani hakuna kiumbe anayependa kukaa peke yake," alisema. "Mwamba ukionekana umekufa, kituo kitafungwa. Wenzangu watahamishwa. Mimi mke nilimzika, watoto hawapigi simu. Hapa angalau naulizwa nimeamkaje."

"Na mpiga mbizi afukuzwe?"

"Nilimwombea asifukuzwe."

"Unamsukuma mtu shimoni, halafu unamwombea asianguke?"

Mzee alichomoa karatasi ya kweli chini ya godoro.

Saa nne na nusu mpiga mbizi aliichukua, akaondoka mbio kwenda barazani, na mkuu nyuma yake akimwomba radhi.

"Twende, mzee," alisema mpelelezi.

"Leo nitalala wapi?"

"Mahabusu."

"Kuna watu wengine mle?"

"Wamejaa."

Mzee aliinama, akaanza kuvaa viatu haraka haraka.