Sahani ya Aliyesema Nakuja

Ndugu zangu mnaokimbizana na mizigo Kariakoo, nyumba hii mnaipita kila siku bila kuiona. Imebanwa katikati ya maghorofa mawili mapya, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na uani kwake jua hufika saa sita tu na kuondoka. Jumamosi ile alasiri palikuwa shwari. Badria alikaa kwenye mkeka akichambua mchele kwenye ungo, nazi ishakunwa, redio ya jirani inaimba taarabu. Kila aliposhika ungo ule alimkumbuka mama yake, Bi Zena, mwenye ungo.

Enzi za Bi Zena, wanafunzi wa kigeni walikuwa wakielekezana nyumba hii tangu wakiwa kwao. Walikaa Wazambia, wakakaa Warundi, wakakaa Wangazija. Mama alikuwa na sharti moja tu. "Humu ndani hakuna anayekwenda," aliwaambia. "Ukitoka, sema nakuja." Basi mwanafunzi akienda chuo husema nakuja, na chakula chake hupakuliwa, hufunikwa kawa la ukindu, na hakiguswi mpaka arudi. Abubakary, Mngazija aliyesomea uhasibu, aliwahi kwenda kwao likizo ya miezi miwili. Mama alimfunikia sahani tupu siku zote hizo. Aliporudi akafunua, akauliza wali wake kala nani, wakacheka mpaka majirani wakachungulia ukutani.

Mama alifariki mwaka juzi. Vyumba vitano vina wapangaji wa siku nyingi. Cha sita, chenye dirisha la buluu, kilikuwa chake. Badria alikifunga, akawa anakifagia kila Ijumaa na kutoka bila kugusa kitu.

"Hodi," ilisikika sauti mlangoni.

"Karibu."

Aliingia msichana mwembamba anaburuta sanduku lililovunjika gurudumu moja. "Shikamoo, dada. Naitwa Caroline, natoka Blantyre, Malawi. Namngoja kaka Twaha."

"Marahaba. Twaha ni mdogo wangu. Umemngoja wapi?"

"Hapo barazani kwenu. Tangu saa tatu asubuhi."

Badria aliangalia saa. Saa kumi kasoro. "Kwani alikwambiaje?"

"Alisema anafuata ufunguo. Akasema, 'Nakuja.'" Msichana akatabasamu kwa aibu. "Kwetu nako tunasema hivyohivyo. Anayesema hivyo hurudi."

Alitoa simu kuonyesha chumba alicholipia kodi ya miezi sita, pesa ambayo baba yake aliuza ng'ombe kuipata. Twaha alimpata kwenye kundi la wanafunzi wageni mtandaoni. Chuo kinafungua Jumatatu, hosteli zimejaa, na hana mtu mwingine Bongo nzima.

Badria akaitazama picha. Dirisha la buluu. Kitanda cha besera. Na pembeni, umekunjwa vizuri kama alivyouacha mwenyewe, msala wa mama. Twaha alikuwa amepiga picha kupitia dirishani.

Hapa nisiwafiche, wasomaji wangu. Badria hakuwa hajui kabisa. Mwezi uliopita alisimama mlangoni kijana wa Kirundi na begi lake, Twaha akamkimbilia, akarudi peke yake akisema kijana kapotea njia. Badria aliona viatu vipya miguuni mwa mdogo wake, akanyamaza. Ni mdogo wake wa pekee. Akaendelea kumfunikia sahani.

Alipiga simu. "Twaha, uko wapi?"

"Mnazi Mmoja hapa, dada. Nakuja."

"Kuna mgeni wako."

Simu ikakatika.

Badria aliiweka mkekani. Kisha akaingia ndani, akachukua ufunguo chini ya Kurani ya mama, akafungua mlango wa chumba cha sita. Aliukumbatia msala, akaupeleka chumbani kwake. Kanga za mama akazitia kwenye sanduku. Harufu ya udi ilikuwa bado imo kwenye pazia, na alijua ikitoka hairudi tena. Alifungua dirisha lile la buluu, upana wote.

"Ingiza mzigo wako," alimwambia Caroline.

"Lakini dada, hiki kina mwenyewe."

"Alipenda wageni kuliko mimi. Ingiza."

Magharibi Twaha alirejea, akidhani mgeni kachoka na kuondoka. Alikwenda moja kwa moja mezani, kama kawaida yake, akanyanyua kawa. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Dada, sahani yangu iko wapi?"

"Kaila aliyekuja."

Twaha akageuka, akaona taa inawaka chumba cha mama, na kivuli cha mtu anapanga vitabu. "Nilikuwa nataka kurudisha, wallahi. Biashara imenibana kidogo."

"Na yule Mrundi, ulimrudishia?"

Twaha akarudisha kawa mezani.

"Jumatatu saa mbili, ofisi ya serikali ya mtaa. Nitakuwepo na Caroline. Usipotokea, nitasema mwenyewe yote ninayoyajua, na ya Mrundi, na ya kunyamaza kwangu."

"Mimi ni damu yako, dada."

"Ndiyo maana nilichelewa."

Twaha alivaa vile viatu vyake, akafika mlangoni. "Basi, nakuja," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana," alisema Badria. "Wewe sema unakwenda."

Akasema. Neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika kwenye mlango ule. Badria alisikia hatua zake zikipotelea kwenye kelele za wafungao maduka, ndipo akajifuta machoni kwa ncha ya kanga, akaanza kuosha sahani.

FUNZO

Wewe mwanafunzi uliye ugenini, usilipie chumba cha kwenye picha. Ngoja ufunguliwe mlango, uingie, umwone mwenye nyumba, mkaandikishane mbele ya serikali ya mtaa. Nanyi ndugu wa dalali tapeli mnaokula naye meza moja, mkiona viatu vipya ulizeni vimetoka wapi, maana ukimya wenu ndio uliomfungulia biashara. Na sisi wa mji huu tuchunge maneno tuliyoachiwa. Wazee wetu waliligeuza neno nakuja kuwa ahadi, wageni wakaliamini kwa kuwa wazee hao walilitimiza. Tukiligeuza mtego, hatutakuwa tumeiba kodi peke yake. Tutakuwa tumeuza jina la nyumba tulimozaliwa.