Picha za Wiki Ambazo Hazijafika

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapuchapu alifagia studio ya baba yake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Alifagia chapuchapu, akapanga viti chapuchapu, akafuta kioo cha dirisha lenye picha za maharusi chapuchapu. Akimaliza, vumbi lilikuwa halijatoka. Lilikuwa limehama tu, kutoka chini ya stuli ya wateja hadi nyuma ya pazia la buluu la picha za pasipoti.

"Mwanangu, kazi hii umeifanya au umeilipua?" baba yake, mpiga picha, humuuliza huku akipiga chafya.

"Nimeifanya, baba," naye hujibu, tayari yuko mlangoni na mkoba mgongoni.

Muhula mmoja bwana misitu alikuja shuleni kuzungumza na klabu ya mazingira. Mvua zilizopita zilikuwa zimekula udongo wa mteremko ulio nyuma ya shule, na miti mingine ilibaki na mizizi nje kama mtu aliyelala shuka likamwishia magotini. Bwana misitu alitaka kujua ni ipi inayoinama, maana mti hauinami kwa siku moja mtu akauona. Akampa kila mwanachama mti wake, na mbele ya kila mti akapaka jiwe chokaa. Kazi ilikuwa rahisi: kila Ijumaa simama juu ya jiwe lako, piga picha, andika tarehe nyuma yake. Mwisho wa muhula picha zingepangwa kwa mstari, na miti yenyewe ingesema.

Chapuchapu alipewa mkuyu, mkubwa kuliko yote, uliosimama juu kidogo ya njia wanayopita watoto wa darasa la kwanza wakienda nyumbani. Mdogo wake alikuwa mmoja wao. Ijumaa ya kwanza aliazima kamera ya zamani ya baba yake, akapanda juu ya jiwe, akatulia. Tuseme ukweli: alipotulia, alikuwa fundi. Aliupanga mkuyu upande mmoja wa picha, kilima cha mbali upande wa pili, na katikati ukabaki ukanda wa anga, mwembamba kama utepe. Baba yake alipoisafisha picha ile aliitazama muda mrefu, akasema wapo watu wazima wasioweza kupiga hivyo.

Ijumaa ya pili kungekuwa na mashindano ya kuruka kamba. Ya tatu ingekuwa na netiboli. Chapuchapu akapiga hesabu zake. Mti ni mti, alijiambia, hauendi sokoni. Kesho ya Ijumaa ile ya kwanza, Jumamosi, akarudi kwenye jiwe akapiga picha za muhula mzima. Moja alipiga asubuhi, nyingine jua la utosi, nyingine baada ya wingu kupita, nyingine jioni kivuli kikiwa kirefu. Alipiga picha za wiki ambazo bado hazijafika, akazisafisha mwenyewe studio baba yake asizione, akaziandika tarehe nyuma, akazifungia kwenye bahasha, akaenda zake kuruka kamba.

Mwisho wa muhula picha zilibandikwa kwenye ubao wa darasa la sayansi. Za wenzake zilikuwa na shida kila aina: moja imepinda, nyingine ina kidole. Za Chapuchapu zilikaa sawasawa kama meno ya mtoto wa daktari. Mwalimu wa sayansi alimwita mbele, darasa zima likampigia makofi.

Ni jirani yake wa dawati tu, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuna habari iliyolala kwake, aliyesogea karibu na ubao, akamwonyesha kwa kidole mbuzi aliyefungwa chini ya mkuyu pichani, akacheka.

"Mbuzi huyu hana kwao?" aliuliza. "Wiki zote yuko palepale, na kamba ileile, na kigingi kilekile."

"Hufungwa hapo kila siku," Chapuchapu alijibu. Ulikuwa uongo wa pili, na huo ulitoka wenyewe, bila hata kuitwa.

Kisha bwana misitu akapita kwenye mstari wa picha, mikono nyuma. Alieleza kwamba miti mitatu ya upande wa juu inainama, na itashughulikiwa kwanza. Kuhusu mkuyu alikuwa na wasiwasi, akasema, lakini picha zinaonyesha haujasogea hata kidogo, kwa hiyo utasubiri mpaka mvua zipite. Njia ya watoto itabaki wazi. Akamshukuru Chapuchapu kwa kumpa mkono, kama mtu mzima anavyomshukuru mtu mzima mwenzake.

Mkono ule ulimkaa kiganjani siku nzima. Masomo ya siku yalipokwisha aliichukua picha ya Ijumaa ya kwanza, ile moja ya kweli, akaenda kusimama juu ya jiwe. Aliinua picha mbele ya uso, akautazama mti, akaitazama picha. Ule utepe wa anga haukuwapo. Shina lilikuwa limeegemea kilima, na chini yake ardhi ilikuwa na ufa.

Chini ya mkuyu watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakicheza. Walikuwa wametundika kamba kwenye tawi, wanabembea kwa zamu. Chapuchapu alishuka mbio, akamshika mdogo wake mkono, akamwambia mti unaanguka, na kuanzia leo apite barabara kubwa na wenzake wote.

Mdogo wake alimtazama kwa mshangao. "Mbona mti huu hauanguki? Mimi nimewaambia wote. Walikuwa wanaogopa, nikawaambia dada yangu ndiye aliyeupiga picha, na bwana misitu amesema ni mzima. Ndiyo maana tumefunga bembea."

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze, halafu akakumbuka kwamba ardhi pale ilikuwa imekwisha kupasuka, na si kwa ajili yake. Aliwafukuza wote kwa ukali wasioujua. Wakaondoka wakinung'unika, na yeye akajua kesho watarudi, kwa sababu waliiamini picha kuliko makelele yake.

Studio ilikuwa na mteja. Baba yake alikuwa akimwinua kidevu mzee mmoja, akimwomba asifumbe macho. Chapuchapu alikaa kwenye benchi mpaka mzee alipolipa akaondoka, kisha akayasema yote, Jumamosi, mbuzi, ufa, bembea, akiitazama sakafu. Alisubiri kofi au kelele. Baba yake alizima taa ya kupigia picha, akafunga mlango wa studio mchana kweupe, jambo ambalo hufanya kwa misiba tu, akamwambia wawahi shuleni kabla mwalimu hajaondoka.

"Baba, wewe utamwambia?"

"Mimi nitatembea na wewe. Mdomo ni wako."

Mwalimu wa sayansi alisikiliza kalamu ikiwa mkononi, kisha akaiweka mezani polepole. Alimpigia simu bwana misitu, na kabla jua halijazama mkuyu ulikuwa umezungushiwa kamba nyekundu na mtu amewekwa kulinda njia. Bwana misitu alichungulia ufa, akanyoosha mgongo, akasema mti unaokoleka, lakini kazi ianze kesho. Safari hii hakumpa Chapuchapu mkono.

Kesho yake, mafundi wakikata matawi mazito na kupanga mawe chini ya mizizi, mwalimu alimpeleka Chapuchapu darasa la kwanza. Alimwambia wao ndio waliochezea chini ya uongo wake, basi wausikie kutoka kwake. Chapuchapu alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu. Alipowaona wamekunja mikono juu ya madawati, na mdogo wake mstari wa mbele akitabasamu kwa fahari ya kutembelewa na dada, maneno yakamkimbia.

"Zile picha hazikuwa za kweli," alisema. "Mti ulikuwa unaanguka."

Mtoto mmoja mwenye pengo akainua kidole. "Kwa hiyo ulidanganya?"

"Ndiyo. Nilidanganya."

Mdogo wake aliacha kutabasamu, akainamisha kichwa, akaanza kuchora kitu kwenye dawati kwa ukucha. Hakuna adhabu ya mwaka ule iliyomuuma Chapuchapu kama ukucha ule.

Jioni, baba na binti walisimama barabarani wakiutazama mkuyu. Ulikuwa umepunguzwa kichwa kama mtu aliyetoka kwa kinyozi asiyemjua, lakini ulikuwa umesimama, na mawe yameshika. Mwalimu alikuwa amesema kazi ya Ijumaa itaendelea muhula ujao, ila Redio atakuwa akienda naye mpaka hapo itakapoonekana kwamba haja ya kumsindikiza imekwisha.

"Mwalimu ananiona mwizi," Chapuchapu alisema.

"Anakuona mtu aliyedanganya, na ndivyo ulivyo leo," baba yake alimjibu, bila hasira. "Sikiliza, mwanangu. Picha mbaya hata mimi ninazo, na hajafa mtu. Lakini mtu akikuambia nenda kanitazamie, amekuazima macho yake. Wale watoto walikuazima macho, wakacheza wamefumba. Kulipua kazi si kujiibia muda tu; ni kumwacha mtu mwingine gizani bila yeye kujua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa inapita chini ya mti. Umeifunga njia hiyo mwenyewe, kwa mdomo wako, na hilo nalo nimeliona. Imani itarudi, lakini itarudi kwa mwendo wake, siyo kwa mwendo wako."

Chapuchapu alitaka kusema atabadilika kesho, mara moja. Akaona hilo nalo ni haraka. Akatembea nyuma ya baba yake, polepole.